Maradhi ya uvimbe wa matumbo kwa watoto: jinsi yanavyoanza na jinsi yanavyosonga mbele

Katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati, mtoto anayeharisha damu hudhaniwa kwanza kuwa ana amiba, ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na bakteria, au kichocho cha matumbo. Mara nyingi dhana hiyo huwa sahihi, na dawa za siku chache humrejeshea mtoto afya yake. Wapo hata hivyo watoto wanaopewa dawa hizo mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, damu ikakatika na kurudi, huku nguo za mwaka jana zikiendelea kuwatosha. Kwa baadhi yao tatizo si kimelea wala bakteria. Ni maradhi ya kudumu ambayo ndani yake kinga ya mwili huyashambulia matumbo yenyewe.

Maradhi hayo ya uvimbe wa matumbo yamechunguzwa zaidi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne hugunduliwa angali mtoto au kijana. Hayaambukizi, hayatokani na uchafu wa nyumbani, wala si matokeo ya kurogwa. Hayana tiba ya kuyamaliza kabisa, lakini yana matibabu ya kuyatuliza. Kwa mtoto, wakati ndio jambo kubwa: miaka ya kukua haimsubiri mgonjwa apone.

Maradhi mawili chini ya jina moja

Neno uvimbe hapa halimaanishi uvimbe wa saratani. Maana yake ni hali ya nyama ya ndani ya utumbo kuwa nyekundu, kufura, kutoka damu na hatimaye kupata vidonda. Hali hiyo huonekana katika magonjwa mawili makuu.

La kwanza ni kolitisi ya vidonda, iliyoelezwa na tabibu Samuel Wilks wa London mwaka 1859. Ugonjwa huu hukaa katika utumbo mpana pekee. Huanzia kwenye rektamu, yaani sehemu ya mwisho kabla ya njia ya haja kubwa, kisha hupanda juu bila kuruka mahali. Huathiri zaidi utando wa ndani wa utumbo.

La pili ni ugonjwa wa Crohn. Thomas Kennedy Dalziel, daktari mpasuaji wa Glasgow, alieleza wagonjwa wa aina hii mwaka 1913, lakini jina lilitokana na Burrill Crohn, ambaye pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer walichapisha maelezo yao mwaka 1932. Ugonjwa wa Crohn waweza kushika mahali popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ingawa hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba na utumbo mpana. Huruka sehemu moja na kushika nyingine, na huchimba unene wote wa ukuta wa utumbo. Tabia hiyo ya kuchimba ndiyo inayoeleza madhara yake mengi ya baadaye.

Kuna pia watoto ambao madaktari hawawezi mwanzoni kusema wana ugonjwa upi kati ya hayo mawili. Kwa watoto wadogo hali hiyo si nadra, na jina kamili la ugonjwa hujulikana baada ya miezi au miaka ya kufuatiliwa.

Chanzo chake

Hakuna sababu moja. Mwaka 2001 watafiti waligundua kwamba mabadiliko katika jeni iitwayo NOD2 huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa Crohn. Tangu hapo, sehemu zaidi ya 200 za urithi wa binadamu zimehusishwa na maradhi haya. Mtoto mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko mtoto mwingine, lakini wagonjwa wengi hawana mtu yeyote katika ukoo aliyewahi kuugua.

Urithi peke yake hautoshi. Ndani ya utumbo huishi matrilioni ya bakteria ambao kwa kawaida kinga ya mwili huwavumilia. Kwa mgonjwa, uvumilivu huo huvunjika. Mazingira yanachangia, na ushahidi mmoja umetoka kwa wahamiaji. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, ulionyesha kwamba watu waliohamia huko kutoka nchi ambako maradhi haya ni machache waliendelea kuwa na hatari ndogo, hasa waliohamia wakiwa watu wazima. Watoto wao waliozaliwa huko walikuwa karibu na hatari ya wenyeji, wakiwemo watoto wa wazazi waliotoka Afrika kusini mwa Sahara. Kwa familia za Waswahili wanaoishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini habari hii ina uzito wake: kutokuwapo kwa ugonjwa kwa babu na bibi si hakikisho kwa mjukuu aliyezaliwa ughaibuni.

Dalili za mwanzo

Kolitisi ya vidonda kwa kawaida haijifichi. Mtoto huenda choo mara nyingi, choo huwa na damu na ute, na tumbo humsokota kabla ya kwenda haja. Kuamka usiku kwa ajili ya kuharisha ni dalili ya kutiliwa maanani, kwa sababu maumivu ya tumbo ya kawaida ya watoto wa shule ni nadra kuwaamsha kwenda chooni.

Ugonjwa wa Crohn hujificha zaidi. Mtoto aweza kuwa na maumivu ya tumbo yasiyo na mpangilio, homa ndogo za kuja na kuondoka, uchovu, kupoteza hamu ya chakula na kupungua uzito. Kuharisha kwaweza kusiwepo kabisa. Wengine huanza na vidonda vya mdomoni, maumivu ya viungo, macho mekundu yenye kuuma, au vinundu vyekundu vyenye maumivu miguuni. Wengine hupelekwa hospitali kwa sababu ya jipu au kinyama kando ya njia ya haja kubwa, na kutibiwa kama wenye bawasiri. Bawasiri ni nadra sana kwa mtoto. Nyama zinazoota au usaha unaotoka mahali hapo yafaa zichunguzwe kwa sababu nyingine.

Ipo dalili moja ambayo wazazi na hata waganga huipita bila kuiona: mtoto ameacha kurefuka. Kwa baadhi ya wagonjwa wa Crohn, mstari wa urefu hulala miezi mingi kabla ya tumbo kuanza kuuma. Upungufu wa damu usioisha hata baada ya mtoto kupewa dawa za minyoo na madini ya chuma ni dalili nyingine ya aina hiyo.

Kifua kikuu cha tumbo na maambukizi mengine

Katika ukanda wa Maziwa Makuu na pwani ya Afrika Mashariki, kazi ya kutambua maradhi haya ni ngumu kuliko ilivyo Ulaya, kwa sababu yana majirani wanaofanana nayo sana. Amiba huleta vidonda katika utumbo mpana. Kichocho cha matumbo, kinachopatikana kandokando ya maziwa kama Viktoria na Tanganyika, huleta damu katika choo. Bakteria kadhaa hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kupima choo ni hatua ya kwanza isiyorukwa.

Anayefanana zaidi na Crohn ni kifua kikuu cha matumbo. Vyote viwili hupenda mwisho wa utumbo mwembamba, vyote huleta homa, kukonda na maumivu ya tumbo upande wa kulia, na vyote huacha vinundu vya seli ambavyo mtaalamu huviona kwa darubini. Kosa la upande wowote lina gharama. Mtoto mwenye Crohn akitibiwa kifua kikuu kwa miezi mingi, utumbo wake huendelea kuharibika. Mtoto mwenye kifua kikuu akipewa dawa za kupunguza kinga ya mwili, vijidudu vyaweza kusambaa mwili mzima. Ndiyo sababu madaktari huchukua vipande vya nyama ya utumbo kwa ajili ya vipimo, hupiga picha ya kifua, na pale ambapo shaka inabaki huanza na dawa za kifua kikuu huku wakifuatilia kwa karibu. Mgonjwa asipopata nafuu katika muda uliopangwa, au vidonda visipopona katika uchunguzi wa marudio, utambuzi huangaliwa upya.

Kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini huonyesha kama utumbo una uvimbe. Kikiwa chini, uwezekano wa maradhi haya hupungua sana. Kikiwa juu, hakielezi sababu, kwani maambukizi nayo hukipandisha. Uthibitisho hutokana na endoskopia, yaani kuingizwa kwa mrija mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni na kupitia njia ya haja kubwa, mtoto akiwa amelazwa usingizi. Utumbo mwembamba, ambao sehemu yake kubwa haifikiwi na mrija huo, huangaliwa kwa picha za MRI au kwa altrasaundi. Huduma hizo kwa watoto hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za rufaa.

Ugonjwa wa Crohn unavyosonga mbele

Madaktari hugawa mwenendo wa Crohn katika hatua zinazoeleza kilichotokea kwenye ukuta wa utumbo. Uainishaji wa Paris, uliochapishwa mwaka 2011 kwa ajili ya watoto, unatofautisha hali tatu. Katika hali ya kwanza kuna uvimbe na vidonda tu. Katika ya pili, vidonda vilivyopona na kufunguka mara kwa mara vimeacha makovu, na utumbo umekuwa mwembamba mithili ya mpira wa maji uliobanwa. Katika ya tatu, kidonda kimetoboa ukuta na kufungua njia isiyo ya asili, iitwayo nasuri, kuelekea utumbo mwingine, kibofu cha mkojo au ngozi, au kimeacha jipu ndani ya tumbo. Uainishaji huo pia unaandika kando kama mtoto ameathirika katika ukuaji, jambo ambalo katika vipimo vya watu wazima halikuwepo.

Takwimu za Ufaransa ya kaskazini zinaonyesha mwendo huo kwa uwazi. Tangu mwaka 1988, sajili iitwayo EPIMAD imekuwa ikiandika kila mgonjwa mpya wa eneo hilo, bila kujali anatibiwa hospitali kubwa au kwa daktari wa mtaani. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2008, watoto 404 wa ugonjwa wa Crohn waliogunduliwa kati ya 1988 na 2002 walifuatiliwa kwa takriban miaka saba. Siku ya kugunduliwa, asilimia 29 walikuwa tayari na makovu ya kubana utumbo au nasuri. Mwishoni mwa ufuatiliaji walikuwa asilimia 59. Kwa takriban thuluthi moja, ugonjwa ulikuwa umeenea sehemu ambazo mwanzoni zilikuwa salama. Katika miaka mitano ya kwanza, asilimia 34 walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya utumbo.

Takwimu hizo ni za kizazi kilichotibiwa kabla dawa mpya hazijaenea kwa watoto, na ndiyo maana zina thamani: zinaonyesha njia ambayo ugonjwa huifuata usipozuiwa mapema. Utafiti mwingine, uitwao RISK, ulifuatilia watoto 913 wa ugonjwa wa Crohn katika vituo 28 vya Marekani na Kanada, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Watoto waliopewa mapema dawa za kuzuia TNF, kemikali inayochochea uvimbe, walipata nasuri na majipu ya tumbo kwa kiwango kidogo zaidi. Makovu ya kubana utumbo hayakupungua kwa namna hiyo. Kovu likishafanyika, dawa za uvimbe hazina uwezo mkubwa wa kulifuta.

Jambo linalowachanganya wazazi ni kwamba mwendo huu hauonekani kila mara kwa macho. Mtoto aweza kuwa hana maumivu, anakwenda shule na kucheza, huku vidonda vikiendelea ndani. Kwa sababu hiyo miongozo ya kimataifa iliyohuishwa mwaka 2021 haitosheki na mgonjwa kujisikia vizuri. Inataka vipimo vya damu na choo virudi katika hali ya kawaida, vidonda vifunge, na mtoto arudi katika mstari wake wa ukuaji.

Kolitisi ya vidonda inavyosonga mbele

Kwa watu wazima, kolitisi ya vidonda mara nyingi hushika sehemu ya chini ya utumbo mpana pekee. Kwa watoto wengi hushika utumbo mpana wote, ama tangu siku ya kugunduliwa au baada ya miaka michache. Katika sajili ile ile ya Ufaransa, watoto 113 walifuatiliwa, na kwa karibu nusu yao ugonjwa ulipanda juu zaidi ya pale ulipoanzia. Asilimia 8 waliondolewa utumbo mpana katika mwaka wa kwanza, na asilimia 20 ndani ya miaka mitano.

Ugonjwa huu huenda kwa mawimbi: vipindi vya utulivu hufuatwa na vipindi vya kuripuka. Mripuko mkali ni dharura. Mtoto huharisha damu mara nyingi kwa siku, moyo humwenda mbio, hupata homa, na tumbo laweza kujaa. Madaktari hutumia kipimo cha alama kuanzia 0 hadi 85 kinachohesabu maumivu, damu, idadi ya choo, kuamka usiku na uwezo wa mtoto kufanya shughuli zake. Alama 65 na kuendelea humaanisha mripuko mkali, na mtoto hulazwa hospitali na kupewa steroidi kwa mshipa. Siku ya tatu na ya tano hali hupimwa upya ili kuamua kama dawa ya pili inahitajika. Kungoja kwa wiki nyingi katika hali hiyo ni hatari, kwa kuwa utumbo waweza kutanuka na kupasuka.

Zamani mripuko wa namna hiyo uliua wengi. Mwaka 1955, Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walichapisha matokeo ya jaribio lililoonyesha kwamba kotisoni huokoa maisha ya wagonjwa hao. Leo kifo cha mtoto kutokana na kolitisi ya vidonda ni nadra mahali penye matibabu ya wakati.

Urefu, mifupa na balehe

Mtoto anayeugua hakui kwa sababu zaidi ya moja. Hula kidogo kwa kuogopa maumivu. Utumbo ulioumia haunyonyi chakula vizuri na hupoteza damu na protini. Zaidi ya hayo, kemikali za uvimbe zenyewe huzuia homoni za ukuaji zisifanye kazi yake kwenye ncha za mifupa. Hivyo kumlisha mtoto vizuri bila kutuliza uvimbe hakutoshi.

Ncha hizo za mifupa hubaki wazi kwa muda tu. Baada ya balehe hufunga, na urefu uliopotea hauwezi tena kudaiwa. Balehe yenyewe aghalabu huchelewa: kijana wa miaka 15 huonekana kama wa miaka 11, na wenzake humcheka. Ucheleweshaji huo humwachia daktari nafasi ndogo ya ziada, kwani uvimbe ukitulizwa kabla ya ncha kufunga, mtoto aweza kurefuka kwa kasi na kufidia sehemu ya alichopoteza. Mifupa nayo hujenga akiba yake kubwa katika miaka ya ujana. Anayekosa miaka hiyo huingia utu uzima akiwa na mifupa dhaifu.

Watoto wa chini ya miaka sita

Maradhi yakianza kabla ya mtoto kutimiza miaka sita, madaktari hufikiria jambo la ziada. Kwa baadhi ya watoto hao, na hasa wa chini ya miaka miwili, chanzo ni hitilafu ya jeni moja inayovuruga kinga ya mwili. Mwaka 2009 watafiti walieleza watoto ambao seli zao hazikuweza kupokea ishara ya kutuliza uvimbe iitwayo interlukini 10. Watoto wa namna hiyo hupata nasuri kali mapema mno, na dawa za kawaida huwasaidia kidogo. Kwa baadhi yao, kupandikizwa uboho wa mifupa kumeondoa ugonjwa. Kupima jeni kwa kundi hili si anasa, kwa kuwa jibu hubadilisha matibabu yote. Hatari huwa kubwa zaidi pale ambapo baba na mama ni ndugu wa damu, kwa mfano watoto wa mtu na binamu yake.

Matibabu

Kwa mtoto wa Crohn, tiba ya kwanza katika hali nyingi si kidonge bali ni chakula. Mtoto hunywa lishe maalumu ya maji iliyokamilika virutubisho, na kwa wiki sita hadi nane hali kitu kingine chochote. Asiyeweza kuinywa huwekewa mrija mwembamba puani. Takriban watoto wanane kati ya kumi hupata utulivu, kiwango kinacholingana na cha steroidi, lakini bila madhara yake na huku wakikua. Ugumu wake hauko katika dawa bali katika mtoto kukaa mezani na wenzake bila kula. Lishe hii haijaonyesha nguvu hiyo hiyo kwa kolitisi ya vidonda.

Steroidi, kama prednisoloni, hutuliza mripuko haraka, lakini hazifai kuwa dawa ya kudumu. Humfanya mtoto kuvimba uso, hudhoofisha mifupa na huzuia kurefuka. Wala haziachwi ghafla baada ya kutumika kwa wiki nyingi. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu mwili huwa umeacha kutengeneza zake.

Dawa za kulinda utulivu hutofautiana. Mesalazini hutumika katika kolitisi isiyo kali. Azathioprini na methotreksati hutumika zaidi katika Crohn. Kundi la kuzuia TNF lilifungua ukurasa mpya: infliksimabu iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye Crohn mwaka 1998 na kwa watoto mwaka 2006. Hutolewa kwa mshipa katika wiki ya mwanzo, ya pili na ya sita, kisha kila baada ya wiki nane. Miongozo ya Ulaya inashauri kundi hili lianzwe mapema kwa mtoto mwenye nasuri kando ya njia ya haja kubwa, makovu ya kubana utumbo, au kudumaa kukubwa. Bei yake imekuwa kikwazo, ingawa nakala zake za bei nafuu zaidi zimekuwapo Ulaya tangu 2013, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza kundi hilo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kabla ya dawa hizo mtoto hupimwa kifua kikuu, hata kile kilicholala bila dalili. Chanjo nazo hukamilishwa mapema, kwani chanjo zenye virusi hai hazitolewi kwa mtu ambaye kinga yake imepunguzwa. Miongoni mwake ni ya homa ya manjano, ambayo baadhi ya nchi za ukanda huu huidai kwa wasafiri. Familia inayoishi Ulaya na kutaka kumleta mtoto mgonjwa kuwaona jamaa yafaa izungumze na daktari miezi kadhaa kabla ya kununua tiketi.

Upasuaji una maana tofauti kwa magonjwa haya mawili. Katika kolitisi ya vidonda, kuondoa utumbo mpana huondoa makao ya ugonjwa, na mpasuaji aweza kutengeneza mfuko wa ndani kwa utumbo mwembamba ili mtoto aendelee kwenda haja kwa njia ya kawaida. Katika Crohn, upasuaji huondoa sehemu iliyoharibika tu. Ugonjwa hupenda kurudi karibu na pale utumbo ulipoungwa, kwa hiyo dawa huendelea.

Miaka ya baadaye

Mtoto aliyeugua mapema ataishi na ugonjwa kwa miaka mingi, na utumbo mpana uliokaa na uvimbe kwa muda mrefu huwa na hatari kubwa zaidi ya saratani. Kwa hiyo uchunguzi wa mara kwa mara wa utumbo mpana huanza takriban miaka minane hadi kumi baada ya dalili za kwanza. Wenye ugonjwa wa mirija ya nyongo unaoandamana na kolitisi huchunguzwa tangu siku wanapogunduliwa nao.

Upo pia mzigo usioonekana katika picha. Mtoto anayehitaji choo mara kumi kwa siku huogopa darasa ambalo ruhusa ya kutoka huombwa kwa kunyoosha mkono. Huzuni na wasiwasi ni vingi zaidi kwa watoto hawa kuliko kwa wenzao. Barua ya daktari kwa mwalimu mkuu, kiti karibu na mlango, na choo chenye maji na mlango unaofungwa huwabakisha wengi shuleni. Ujana nao huleta jaribu la kuacha dawa mara mtu anapojisikia mzima, na hapo ndipo ugonjwa hurudi.

Mengi hutegemea siku ambayo mtu fulani alishuku. Kuharisha kunakozidi wiki nne, damu inayorudi baada ya dawa, kuamka usiku kwenda haja, uzito unaoshuka, usaha au nyama kando ya njia ya haja kubwa, na urefu uliosimama ni sababu za kuomba rufaa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni yafaa ziepukwe mpaka daktari aseme, kwa kuwa zaweza kuchochea vidonda. Na mzazi anapokwenda hospitali, achukue kadi ya kliniki ya mtoto, au karatasi yoyote yenye vipimo vya zamani vya uzito na urefu. Daktari akiiweka karatasi hiyo karibu na kipimo cha siku hiyo, ataona kama mtoto amekuwa akikua au amesimama.